Havisifiwi Kabla ya Moto

Ukifika kwake wiki ambayo vyungu vimeanikwa, usimwambie ni vizuri. Jirani aliyenipeleka mara ya kwanza alinionya mapema, tukishuka mteremko wa kuelekea mtoni, nje kidogo ya mji wa Kakamega. "Ukiona chungu yake, tukana," akaniambia. "Na utukane sawasawa, usiongee kama mtu wa ofisi." Nilidhani ananitania. Tukamkuta mfinyanzi ameketi chini, miguu ameinyoosha mbele, vyungu vibichi vimepangwa kando yake chini ya upenu wa jikoni. Jirani yangu akavikagua kimoja kimoja, akabetua mdomo. "Kukhu, hii imekaa kama mlevi ametupwa kwa mtaro," akasema. Mama akatabasamu kama mtu aliyeletewa nyama, akatusogezea viti.

Kukhu kwetu ni nyanya, na kila mtu alimwita hivyo, hata mzee mmoja wa kanisa ambaye nina hakika alimzidi umri. Mimi aliniita Mama Hoteli, kwa sababu nilikuwa nimekwenda kununua vyungu vya kupikia katika hoteli yangu ndogo karibu na soko. Siku hiyo alinigeukia akangoja. Nikatazama chungu kilichokuwa karibu nami, kikubwa, shingo nyembamba, tumbo limejaa vizuri bila kona wala kilima. Kusema kweli kilikuwa kizuri mno. Nikameza mate nikasema, "Hiki kina tumbo kama la diwani."

"Bado unaogopa," akaniambia. "Lakini utajifunza."

Sababu yake ilikuwa rahisi. Chungu kibichi hakijawa chungu. Ni udongo uliokaa vizuri kwa muda. Moto ndio utakaosema kama ni chungu au ni vigae, na moto haupendi kusemewa. Ukikisifu kabla haujakila, umeusemea, nao utakuonyesha nani mwenye kazi. Kwa hiyo wiki ile ya kuanika, uani kwake palikuwa mahali pa matusi. Watu walitoka mbali kuja kutukana. Wapo waliokuja bila haja ya chungu, wameudhiwa tu na wake au waume zao, wakamaliza hasira zao juu ya udongo wa Kukhu kisha wakarudi nyumbani wametulia.

Yeye mwenyewe wiki hiyo hakukubali hata salamu. Ukimwuliza habari, alijibu, "Mbaya." Habari ya nyumbani? "Mbaya." Habari ya watoto? "Usiniulize." Alijibu hivyo kwa sauti ya raha kabisa, huku anakwangua ndani ya chungu kwa kipande cha kibuyu. Hata simu aliipokea vivyo hivyo, na kuna wakala wa mbolea aliyempigia akakata mwenyewe, nadhani aliona amepiga kwenye matanga.

Kuhusu kazi yenyewe nitasema kidogo, maana wengi hudhani chungu hukua chenyewe kando ya mto. Udongo aliuchimba mwenyewe wakati wa kiangazi, akaonja kwa ncha ya ulimi kama una mchanga mwingi, akauchanganya na vigae vya vyungu vya zamani alivyovisaga. Alisema chungu kipya kikiwa na cha zamani ndani yake hakishtuki kikiona moto. Hakutumia gurudumu. Aliviringisha udongo ukawa mrefu, akauzungusha juu ya mwingine, pete juu ya pete, akizunguka yeye badala ya chungu kuzunguka. Nilipenda kumtazama akizunguka, ameinama, kiganja kimoja ndani na kimoja nje, kama anayecheza na mtu mfupi. Shingoni mwa chungu alipitisha gunzi la mahindi likaacha alama ndogo ndogo.

Siku ya moto alianza umande ukikauka tu, kwa sababu Kakamega mvua ya mchana haikosi, na tone moja juu ya chungu cha moto linatosha kuleta msiba. Alivipanga kifudifudi juu ya kuni, akavifunika kwa matawi na majani makavu ya miwa, akawasha, akakaa upande upepo unakotoka. Siku hiyo hakuna aliyetukana wala kusifu. Tulitazama mawingu tu.

Vikishatoka ndipo utashangaa. Aliviacha vipoe, akachukua kimoja, akakiinua sikioni, akakigonga kwa kifundo cha kidole. Chenye ufa hutoa sauti ya mtu anayekohoa. Kizima hulia. Kikilia, mama yule aliyekuwa akisema mbaya, mbaya, mbaya wiki nzima aligeuka mtu mwingine. "Tazama hii tumbo! Tazama hii mdomo! Mumeona nani mwingine ametengeneza mdomo kama hii?" Alituita wote tuje tusifu. Na lazima usifu kwa sauti, kimoja kimoja, hakuna kusema vyote ni vizuri ukakimbilia chakula. Alizipokea sifa ameketi wima, macho kafumba nusu, bila haya hata kidogo. Ukinyamaza alifungua jicho moja. "Na hii nyingine?"

Kila chungu kilitoka na doa lake jeusi mahali moshi ulipokilamba. Wateja wapya wa mjini hupenda kuuliza kama kipo kisicho na doa. Yeye aliwauliza kama wao walizaliwa bila kitovu.

Na mimi sasa nimefika umri wa kusema ninachokijua: chakula cha chungu ni kitu kingine. Ninazo sufuria, na jiko la gesi ninalo, lakini mteja wangu akitaka mboga ya mrenda au ingokho, yaani kuku wa kienyeji, atangoja chungu. Kukhu alinieleza hivi: "Sufuria iko na haraka kama bodaboda ya stage. Chungu inangojanga kuku imalize maneno yake yote." Na maji ya mtungi wake ni baridi isiyouma meno. Kuna mwalimu wa chuo kikuu hapa anayekuja hotelini kwangu kila siku, anaagiza maji tu, anakunywa, anaondoka. Sijawahi kumfukuza. Ananikumbusha kuwa nina kitu cha thamani pale kwenye kona.

Sasa usidhani Kukhu mwenyewe aliishi kama alivyohubiri. Nyumbani kwake alipika chai kwa sufuria ya alumini iliyopinda, na maji alichota kutoka kwa jerikeni ya plastiki ya njano. Nilipomshtaki alisema vyungu vyote vimeuzwa, chake kitakuwa kile kitakachobaki. Hakuna kilichowahi kubaki. Tena alikuwa mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani kila Jumapili, hajaonja pombe maishani, na vyungu vyake vya busaa ndivyo vilivyotafutwa mpaka Matungu. Akina mama wenzake walimkabili siku moja baada ya ibada. "Mimi nauzanga chungu," akawajibu. "Chenye inaingia ndani ni dhambi ya mwenye kuweka." Nao wakanyamaza, kwa kuwa wawili kati yao walikuwa wateja, na si kwa ajili ya uji.

Lakini kisa ninachokipenda ni cha mchungaji. Alikuja mpya, bado mbichi mwenyewe, ametumwa kutoka kwingine ambako nadhani wanapika kwa sufuria tu. Akaja kuwatembelea washirika wake, akafika kwa Kukhu wiki ile ile mbaya, vyungu vimejaa upenuni. Tukainamisha vichwa aombe. Akaanza vizuri, akaombea nyumba, akaombea mvua, kisha akainua sauti: "Na tunakushukuru Baba kwa vyungu hivi vizuri, hivi vya kupendeza, kazi ya mikono ya mtumishi wako..." Nilifungua macho. Kukhu alikuwa ameshafungua yake, anamtazama mtu wa Mungu kama anayetazama ng'ombe aliyeingia shambani.

Moto ule ulitoa vigae. Karibu kila alichokigonga kilikohoa. Kukhu akajifuta mikono. "Mungu hana makosa," akasema. "Ameshukuriwa kazi bado hajamaliza." Vigae akavikusanya avisage, havikupotea.

Mchungaji aliambiwa, akaja mara ya pili, safari hii ametoa koti. Akasimama mbele ya vyungu vipya, akafumba macho. "Bwana," akaomba, "unaviona vitu hivi. Ni vibaya. Ni vibovu. Havina umbo wala sura, hata sijui vimetoka wapi. Uvihurumie." Kukhu aliitikia amina ambayo nadhani ilisikika ng'ambo ya mto. Mchungaji huyo bado yuko nasi, na nikisikia watu wanasema hajui kuhubiri, mimi humtetea.

Hayo yote yanachekesha mpaka ukutane na binti wa Kukhu.

Binti ni mwalimu huko Chekalini, mama wa watoto wakubwa, mtu mpole anayefunga vizuri kila anachobeba. Likizo zikifika hupitia hotelini kwangu kabla ya kwenda kwa mama yake, kama anayepumzika kabla ya kupanda mlima. Alipofaulu mtihani wa shule, alimwendea mama yake na matokeo. Mama akasema, "Bado." Alipomaliza chuo, "Bado." Alipoolewa, "Bado kabisa." Alipojenga nyumba yenye vigae vya kiwandani juu, Kukhu alikwenda akaitazama, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema ukuta uko sawa. Kuhusu binti hakusema neno.

"Mama Hoteli," akaniambia siku moja, kijiko kimesimama kwenye mboga, "mji mzima unakujanga kusifu vyungu vyake. Mimi nangoja zamu yangu tangu niko mdogo. Neno moja tu. Si hata nyingi." Nilimwongezea kuku bila kuandika kwenye bili.

Jibu nililitafuta kwa Kukhu mwenyewe. Nilikwenda kuchukua chungu cha mboga, nikamwuliza bila kuzunguka kwa nini hamwambii binti yake kitu kizuri. Hakukasirika. "Chungu inakaa kwa moto siku moja," akasema. "Mtu anakaa ndani maisha yake. Nikimsifu leo, akipata ufa kesho, nitauliza nani?" Akaendelea kukwangua. Nikafikiri amemaliza. Kisha akasema, macho yakiwa chini, "Nilikuwanga na mtoto mwingine mbele yake. Huyo tulimsifu sana." Kibuyu kikaendelea na kazi yake, na mimi nikachukua chungu changu nikaondoka. Njiani nililia kidogo, sioni sababu ya kuficha.

Mwaka huu akaugua. Alikuwa na uvimbe tumboni, alioufunga kwa leso muda mrefu akisema ni chakula. Daktari akasema lazima operesheni, na kwa umri wake hakutuahidi chochote. Binti akaja kutoka Chekalini, akanipigia simu asubuhi ya siku yenyewe. Nikafunga hoteli, jambo ambalo sijalifanya hata kwa matanga ya ndugu zangu, nikaenda hospitalini mikono mitupu kwa kuwa hakuruhusiwa kula.

Nilimkuta muuguzi kando ya kitanda. "Habari ya asubuhi, shosho?"

"Mbaya," akasema Kukhu.

"Mbaya wapi?"

"Kila mahali."

Muuguzi akashtuka, akaleta kile kitambaa cha kupimia presha, akamfunga mkononi, akapima, akapima tena, akatikisa kichwa. Upande wa pili wa kitanda alikuwa binti, ameshika mkono wa mama yake kwa mikono miwili. Naye alikuwa amejiandaa, nadhani hakulala akijiandaa. "Mama," alikuwa anamwambia, "nataka ujue. Wewe ni mama mzuri. Umetulea vizuri. Hakuna mama kama wewe, mama, hakuna mwenye mikono kama yako..."

Kukhu alikuwa amegeuza uso ukutani, anauvuta mkono wake. Sijawahi kumwona akiogopa, hata siku ya mvua ya ghafla, lakini pale aliogopa. "Nyamazisha huyu," akaniambia mimi. "Mwambie anyamaze."

Binti akauachia mkono. "Hata leo, mama?" akasema, na sauti ilikuwa ya msichana mdogo mwenye karatasi ya matokeo. "Hata leo hutaki?"

Mimi si mwepesi wa kuelewa mambo, lakini lile "mbaya" la Kukhu lilikuwa bado masikioni mwangu. Nililijua. Nilikuwa nimelisikia uani kwake kila vyungu vilipokuwa upenuni. Mama huyu alikuwa katika wiki ya kuanika, na sisi tulikuwa tunamsifu mlangoni mwa moto.

Nikasogea mpaka miguuni pa kitanda. Nikambetulia mdomo, nikamkagua kutoka juu mpaka chini kama alivyonifundisha jirani yangu.

"Kukhu," nikasema, "hii kitu imelala hapa ni nini? Nani ameitengeneza? Shingo imepinda. Tumbo haina mpango. Hata mbwa akipewa maji ndani atakataa."

Muuguzi alinitazama kama mtu wa kuitiwa askari. Lakini Kukhu aligeuza uso kutoka ukutani.

"Mdomo," akasema. "Umesahau mdomo."

"Mdomo ndiyo mbaya zaidi. Imepanuka kama ya chura."

"Eeh," akasema, na mabega yake yakashuka. "Eeh. Endelea."

Nikaendelea. Nilitukana kama sijawahi kutukana udongo, nikamaliza ya kwangu nikaazima ya mchungaji. Kisha nikamtazama binti. Alikuwa amesimama, mikono imening'inia, nami nikaona namna uso wake ulivyobadilika alipoelewa. Akainama karibu na sikio la mama yake. Alianza mara mbili akashindwa.

"Mama," akasema, "wewe ni chungu mbaya. Wewe ni mbaya kuliko zote." Machozi yalikuwa yanadondoka juu ya shuka. "Hakuna mtu anakutaka. Hakuna mtu anakungoja hapa nje. Hata mimi, mama. Ukitoka hutanikuta."

Kukhu akautafuta mkono wake, akaushika, akaukaza. Wakaja na kitanda cha magurudumu wakampeleka, anatabasamu kama mtu aliyeletewa nyama.

Tulikaa kwenye benchi. Binti hakuondoka pale hata kwenda kunywa maji. Baada ya muda mrefu akaniuliza, "Mama Hoteli, unafikiri nilisema mbaya ya kutosha?" Nikamwambia alitukana vizuri sana, kisha nikauma ulimi, maana hata hilo lilikuwa sifa.

Nilikwenda kumwona Kukhu nyumbani majuzi, ameketi uani kwenye kiti, blanketi mapajani, amekonda, sauti ndogo lakini mdomo uko palepale. Nilimpelekea mrenda ndani ya chungu chake mwenyewe. Binti alikuwa ameomba ruhusa shuleni, yuko jikoni anasonga obusuma, maana ugali wa mtu mwingine mama yake haukubali.

"Habari yako, Kukhu?" nikauliza kwa uangalifu.

"Nigonge," akasema.

Nikakunja kidole, nikamgonga taratibu begani, nikainamisha sikio kama alivyokuwa akifanya yeye. Alingoja kwa makini kabisa, kama kweli hajui.

"Inalia," nikasema.

"Basi habari ni nzuri," akasema, akaketi wima, akafumba macho nusu. "Sasa sema."

Nikasema. Nilimwambia kuhusu mikono yake, na maji ya mtungi yanayomleta mwalimu wa chuo kila siku, na kwamba hoteli yangu isingekuwa hoteli bila yeye, na kwamba siku ile kwenye benchi nilijua nampenda kama mama yangu. Nikinyamaza alifungua jicho moja. "Na nini kingine?" Nikaongeza.

Binti akatoka jikoni na sahani. Alikuwa anapita nyuma ya kiti aniwekee chakula, na Kukhu akainua mkono. "Kuja hapa. Inama."

Akainama, sahani bado mkononi. Kukhu akakunja kidole, akamgonga begani mara moja, akainua uso akasikiliza. Kuku mmoja alikuwa anaparua karibu na rundo la vigae na sote tukamngoja amalize. Kisha Kukhu akanigeukia mimi, kama tulivyozoea, kama vile mimi ndiye mnunuzi na yeye ana kitu cha kunionyesha.

"Mama Hoteli, tazama hii," akasema. "Tazama vizuri. Mumeona nani mwingine ametengeneza kama hii?"

Binti alibaki ameinama palepale, na obusuma ukapoa mkononi mwake, na hakuna hata mmoja wetu aliyeomba chakula.